Kona ikiua kila mwaka, angalieni kona

Kuna sentensi moja kwenye taarifa za ajali nimechoka kuisoma, ile ya "chanzo cha ajali ni mwendokasi na uzembe wa dereva". Sikatai, inawezekana kabisa dereva alikuwa anakimbia. Lakini mwaka jana kwenye kona ileile lilipinduka lori, mwaka juzi basi, kabla ya hapo pikipiki iligongana uso kwa uso na pikapu, madereva tofauti, magari tofauti, wengine usiku wengine saa nane mchana jua linawaka, na wote hao walikuwa wametoka kupita kilomita kibao huko nyuma salama salimini. Kwa nini wote yawakute hapa? Hilo swali ndio linatakiwa kuulizwa na mara nyingi haliulizwi, kwa sababu ukishaandika uzembe faili limefungwa na barabara inabaki vilevile.

Na hatuongelei vitu vidogo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilikadiria watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na ajali za barabarani ndio zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Vifo vingi sana kati ya hivyo, kama tisa kati ya kila kumi, viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sasa sehemu korofi, yaani pale ajali zinapojirudia, inajulikanaje? Wengi wanadhani ni ile yenye jina baya, ile kila mtu anaiogopa. Si lazima. Kuna kona inatisha ukiiona tu, na kwa sababu inatisha kila mtu anakanyaga breki mapema, ajali hakuna. Halafu kuna njiapanda imetulia, barabara imenyooka, pande zote unaona vizuri, na hiyo ndio inamaliza watu. Ndio maana inabidi kuhesabu. Norway wamekuwa wakiita sehemu korofi kipande cha mita 100 chenye ajali 4 au zaidi za majeruhi ndani ya miaka 5. India kwenye barabara zao kuu za kitaifa wanachukua kipande cha mita 500, miaka 3, kikiwa na ajali 5 zenye vifo au majeraha makubwa, au kikiwa na vifo 10. Ni vipimo tofauti kabisa lakini vyote vina urefu, vina miaka, vina idadi, na bila hivyo vitatu mtabaki mnabishana kila mtu na sehemu yake.

Kuna kakitu kadogo hapo kanakopita watu wengi. Ukihesabu kwa vipande vilivyokatwa kwenye nguzo za kilomita, ajali nne zinaweza kuwa mbili upande huu wa nguzo na mbili upande ule, kila kipande kinaonekana kina mbili tu, basi vyote viwili vinapita kwenye chujio. Kwa hiyo kipimo unakisogeza kidogo kidogo kufuata barabara, hukikati. Kazi yenyewe kompyuta inaifanya haraka sana siku hizi.

Ila kompyuta haiwezi kukusaidia kama hujui ajali ilitokea wapi, na hapa ndio pananiuma kuliko pote. Fomu imeandikwa "karibu na daraja", "maeneo ya mteremkoni". Daraja lipi, upande gani wa daraja, gari lilikuwa linaelekea wapi? Askari aliyefika pale ana majeruhi wa kuwatoa, ana foleni ya magari, ana watu wamejaa, simlaumu hata kidogo, lakini namba mbili za GPS kutoka kwenye simu yake zinachukua sekunde chache na zina thamani kuliko aya nzima ya maelezo. Na hata polisi wakiandika vizuri bado hawazipati zote, maana pikipiki iliyoanguka yenyewe na mwenye baiskeli aliyegongwa akapelekwa moja kwa moja hospitali mara nyingi hawaingii kwenye kitabu chochote cha polisi. Ukiweka rekodi za hospitali pembeni ya rekodi za polisi picha inabadilika, na wanaoongezeka zaidi ni watembea kwa miguu na watu wa magurudumu mawili.

Halafu kuna mtego wa hesabu, naomba huu uusome taratibu. Tuseme sehemu fulani wastani wake ni ajali 3 kwa mwaka. Mwaka mmoja zikaja 7, bahati mbaya tu, hakuna kilichobadilika. Watu wanapiga kelele, viongozi wanakuja, kinawekwa kibao kikubwa cha onyo. Mwaka unaofuata ajali 3. Kila mtu anasema kibao kimefanya kazi, kumbe hata msingeweka kitu zingerudi 3 zenyewe, maana 3 ndio kawaida yake. Wataalamu wanaita kurejea kwenye wastani, na Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto amelipigania sana hili jambo miaka mingi. Njia yake ni kwamba usiiamini rekodi ya sehemu moja peke yake, ichanganye na kile ambacho ungetarajia kwenye sehemu nyingine zinazofanana nayo, zenye magari mengi kiasi hichohicho na umbo hilohilo. Ndio maana pia wanachukua miaka mitatu hadi mitano badala ya mmoja. Nalisisitiza kwa sababu hela ya kurekebisha barabara siku zote haitoshi, ukiipeleka kwenye sehemu iliyokuwa na mwaka mbaya tu, kuna sehemu nyingine inayoua kimyakimya kila mwaka watu wawili wawili umeiacha.

Ukishaipata sehemu, usikimbilie kuweka kitu. Chora kwanza. Ujerumani polisi kwa miaka mingi walichoma pini za rangi kwenye ramani, kila rangi aina yake ya ajali, na ukisogea karibu na ramani unaona pini zilizorundikana kama ni za rangi moja. Rangi moja ikitawala basi pana tatizo moja la kulitafuta. Zikiwa ajali za kugongana kwa nyuma jibu ni tofauti kabisa na zikiwa za magari yanayotoka nje ya barabara, na tofauti tena na za watu wanaogongwa wakivuka.

Alafu nenda pale. Nenda mchana, rudi usiku, na kama inawezekana nenda mvua ikinyesha. Pita ukiendesha kwa mwendo ambao watu wanaendesha kweli, sio ule wa kwenye kibao, halafu tafuta mahali salama uegeshe uanze kutembea kwa miguu pembeni. Barabara ina mengi ya kukwambia. Vioo vilivyosagika kwenye majani, kipande cha bampa, mti uliochubuka gome usawa wa bodi la lori, kovu jipya juu ya kovu la zamani. Alama za tairi ndio za kuangalia sana, zinaanzia wapi. Kama zinaanza mita 60 kabla ya kona, dereva aliiona ila hakuweza kusimama. Kama zinaanzia ndani ya kona yenyewe, au hakuna kabisa, huenda dereva hakujua kama pana kona.

Na mtu anakosaje kuona kona? Mfano huu unatokea mara nyingi kuliko mnavyodhani: barabara inapanda kilima, kileleni inakata kushoto, lakini nguzo za umeme zilizokuwa zinaifuata pembeni hazikukata, zimeendelea kunyooka. Usiku taa za gari zinamulika nguzo, moja, ya pili, ya tatu, zimepanga mstari, na dereva mgeni macho yake yanafuata mstari huo maana ndio kitu pekee anachokiona. Anafika kileleni ana spidi, lami inaenda kushoto yeye anaenda na nguzo. Huyo fomu itamwandika mzembe. Mstari wa miti unaweza kufanya hivyohivyo, hata njia ya zamani ya vumbi inayoendelea mbele pale ambapo lami imepinda.

Kitu kingine ni maji. Kwenye kona lami inatakiwa ilale kuelekea ndani ili gari lishike, ikilalia nje kila gari linasukumwa nje. Pale inapobadilika kutoka mlalo wa kushoto kwenda wa kulia kuna sehemu katikati iko bapa kabisa, na maji yanakaa hapo. Kama ajali zako nyingi ni za mvua, angalia hapo kwanza, kisha gusa lami kwa mkono, lami iliyosuguliwa na tairi miaka mingi kokoto zake zinakuwa laini zinang'aa.

Hesabu ya umbali nayo ifanywe palepale. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde 2 za kuona na kukanyaga breki, ameshatumia mita 44 gari halijaanza hata kupungua. Kwenye lami yenye maji anaweza kuhitaji mita nyingine 70 na ushee, jumla karibu 115. Kwa kilomita 100 jumla inafika karibu 170. Sasa pima kwa futi kamba, kutoka pale anapoweza kuona njiapanda kwa mara ya kwanza hadi kwenye njiapanda yenyewe. Ikiwa ni mita 90 hakuna haja ya mjadala mrefu, dereva anayeendesha hiyo 80 ndani ya sheria kabisa hawezi kusimama lami ikiwa na maji. Ama mwendo ushushwe kwelikweli, ama kilima kichongwe, ama njiapanda ihamishwe.

Kwenye marekebisho mimi nina msimamo. Anza na vya bei nafuu lakini vinavyojibu tatizo lenyewe. Kona isiyoonekana inataka vibao vya mishale vyenye kung'aa usiku, mistari mipya, vimulimuli vya kwenye lami vinavyorudisha mwanga wa taa za gari, na majani yakatwe, na yakatwe kila msimu sio siku ya uzinduzi tu. Magari yanayotoka nje yanataka mabega mapana, yaani ile nafasi ya pembeni nje ya njia ya magari, mtaro uliofunikwa au wenye kingo za mlalo mpole, na nguzo zisogezwe mbali, kwa sababu dereva aliyekosea anaweza kupona kama hakuna kitu kigumu cha kugonga. Njiapanda ya njia nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinakutana, kiplefti cha njia moja moja kina 8, na zile za kukatana ubavuni zinaisha kabisa. Marekani walipobadilisha njiapanda za taa na za kibao cha kusimama kuwa viplefti, ajali za majeruhi zilipungua karibu robo tatu. Migongano ya magari inabaki ila inakuwa ya mwendo mdogo na ya pembe ndogo, bodi linapinda mtu anashuka.

Kwa uso kwa uso waliofanya kitu kikubwa ni Sweden. Walikuwa na barabara pana za mita 13, watu wanaovateki katikati wanakufa. Kuanzia 1998, kwenye barabara ya E4 karibu na Gävle, wakazigawa upya upana uleule, njia mbili upande huu, moja upande ule, wanabadilishana kila baada ya umbali fulani, na katikati wakaweka uzio wa nyaya za chuma. Vifo kwenye barabara za aina hiyo vilishuka kwa robo tatu na zaidi. Hawakupanua kitu na madereva ni walewale.

Matuta kwenye barabara kuu mimi siyapendi. Najua kwa nini wananchi wanayadai, mtoto akigongwa watu wanataka kitu kesho asubuhi na wana haki. Lakini tuta lisilo na onyo wala rangi kwenye barabara ya mwendo wa 80 linaleta ajali mpya za kugongana kwa nyuma na malori kupinduka. Kama kijiji au soko limekaa juu ya barabara kuu, mwendo ushushwe kwa hatua, lango la kuingilia linaloonekana, upana wa lami upunguzwe, kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati mmoja, kivuko kilichoinuliwa baada ya gari kuwa tayari limepunguza. Na kivuko kiwekwe pale watu wanapovuka kweli, mita 300 mbele hakuna atakayekifuata.

Jambo ambalo karibu halifanywi ni kurudi. Miaka mitatu baada ya kazi, hesabu tena, linganisha na sehemu zinazofanana ambazo hazikuguswa, angalia na kilomita moja mbele na nyuma, isije ikawa ajali zimehamia huko. Na ukifanya hii kazi vizuri utafika mahali ambapo vifo vilivyobaki havirundikani tena, vimetawanyika, kimoja hapa kimoja kule. Hapo haifai tena kusubiri damu ndio uijue sehemu, inabidi kukagua barabara nzima kabla, kama wanavyofanya iRAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa barabara, wanaopitia barabara kila mita 100 wakaipa nyota 1 hadi 5, 5 ndio salama zaidi, kwa kuangalia kilichopo tu, kingo, mabega, vivuko, makutano, hata kama hajafa mtu.

Kwa sisi tunaopita tu, ukitaka kuripoti sehemu, picha ya gari lililopinduka haisaidii sana. Andika nguzo ya kilomita au namba za GPS, magari yanaelekea wapi, saa ngapi, kavu au mvua. Kisha mwenzako akiwa ndio anaendesha, chukua video kutoka kiti cha mbele kuanzia mita 200 kabla, mchana moja na usiku moja, ili mhandisi aone anachokiona dereva.