Taa za tela zikichanganyikana, anza na athi

Jana Chalinze jamaa yangu kaniletea tela lenye vituko: akikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa kufifia, akiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinacheza disko. Walishambadilishia balbu na fyuzi, hela imeliwa bure. Mimi hapo balbu sigusi. Umeme ukikosa njia ya kurudi betri, yaani athi, unaitafuta kupitia taa nyingine, ndiyo maana zinachanganyikana.

Nikashika kipande cha waya, ncha moja kwenye athi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Zote zikatulia papo hapo!

Nikafuata waya mweupe, ndio wa athi, kutoka kwenye plagi ya pini 7 mpaka ulipofungwa kwenye chesisi. Bolti imekalia rangi na kutu, kichwa cha waya kimeota ukijani. Nikakwangua hadi chuma kikang'aa, nikabana kichwa kipya, nikapaka grisi. Kisha kila taa nikaivutia athi yake hadi kwenye plagi, maana pale tela linaposhikana na kichwa cha gari pamejaa grisi na panachezacheza. Umeme wa 24V hauwezi kupategemea.

Jamaa bado ananung'unika eti mbona sijambadilishia hata balbu moja 😂