Kibao cha Mbwa Mkali

Jana redio ilikuwa inaongea peke yake jikoni, ikafika kwenye habari za siku ya kichaa cha mbwa duniani, ile ya 28 Septemba, na huyu mwanangu wa mwisho akaacha daftari akaniuliza, "Mama, hivi mbwa anashtakiwaga?" Nikacheka. Kaka yake akadakia, anashtakiwa mwenye mbwa bana, muulize mama na Tomi wake. Nani kamwambia habari za Tomi sijui, maana enzi zile hata yeye alikuwa bado ananyonya.

Haya, ya kung'atwa nilishawagusia, ila ya wakili sijawahi kuieleza.

Kung'atwa kwenyewe hakuna maneno mengi. Natoka kazini, napita njia ya wote, geti la jirani liko wazi kwa sababu gari lilikuwa linaingia, Tomi akatoka. Siku zote alikuwa anabweka, siku hiyo hakubweka. Alikamata kigimbi cha kushoto akakitikisa. Jirani akatoka, akasema "hana neno huyo, amechanjwa", akamvuta mbwa wake ndani na geti akafunga, mimi bado nimekaa chini.

Shemeji ndo alinikokota hadi bombani, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya mkononi, nilimtukana na hakuniachia. Aliwahi kufanya kazi na madaktari wa mifugo na hicho ndo kitu cha kwanza kilichomkaa kichwani, kidonda cha mbwa unakiosha kwanza, maswali baadaye. Hospitali wakanianzishia chanjo palepale bila kusubiri cheti cha mbwa, na wakaagiza Tomi aangaliwe siku 10, akiwa mzima mpaka hapo basi siku aliyoning'ata mate yake hayakuwa na kichaa. Hawabembelezi mtu kwenye hilo kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu na haiwezekani. Kanuni ni ileile tangu Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa wa chanjo ya kichaa cha mbwa, alipomchoma mtoto Joseph Meister wa miaka 9 mwaka 1885, sindano iwahi kabla virusi havijafika kwenye ubongo.

Siku ya 10 Tomi alikuwa mzima wa afya, anabweka kama zamani. Mwenye Tomi hajakanyaga kwangu. Angekuja tu, hata mikono mitupu, sidhani kama ningetafuta wakili.

Na kumtafuta sasa! Wa kwanza alikuwa mtu wa viwanja na mirathi, alinisikiliza huku anasoma simu, akasema kesi ya mbwa, dada yangu, itakula hela kuliko itakayoleta. Wa pili alitaka sehemu ya fidia badala ya ada, utaratibu ambao nchi nyingine wanauruhusu na nyingine wanawakataza kabisa mawakili, na kwa kuwa huyu alikuwa ananong'ona nilijua sisi tuko upande gani. Mwisho mfanyakazi mwenzangu akanielekeza kwenye kliniki ya sheria ya chuo, wanafunzi wanakusikiliza na wakili wao anasimamia, bure.

Benchi la pale lilinifariji, nisiwadanganye. Nilidhani nitakuwa mimi tu na kigimbi changu kati ya watu wenye mambo ya maana. Kushoto kwangu mzee ng'ombe wake waliingia shamba la mtu usiku wakamaliza mahindi, yeye anasema uzio ulikuwa wa mwenye shamba kuutunza, mwenye shamba anasema ng'ombe hawana miguu ya serikali. Kulia mama mmoja aliyeuziwa mbuzi wa maziwa akafika nyumbani akakuta chuchu moja imekufa. Kuna na kijana wa jogoo, jirani anadai jogoo anaanza saa tisa usiku, kijana anadai ni saa kumi na moja, na alikuwa amekuja na daftari la wiki nzima la muda wa kuwika. Watu wana uchungu na wanyama wao, na wa wenzao zaidi.

Tulipoingia, wakili alikuwa binti mdogo tu mwenye sauti ya kukwaruza, mafua. Shemeji akatoa simu. Yeye ndo alikuwa amepiga picha zote jioni ileile, mguu wangu ukiwa na rula ya shule pembeni ya matundu ya meno, suruali iliyochanika, na moja aliyopiga akiwa barabarani, geti la jirani lote na damu yangu pale chini nje ya geti. Binti akaipita ya mguu haraka haraka, akasimama kwenye ya geti. Akaivuta kwa vidole viwili ikakua mpaka kikabaki kibao peke yake, kipande cha bati, rangi nyekundu imechuruzika kwenye herufi ya mwisho. MBWA MKALI.

"Kibao hiki bado kipo?"

"Kimetolewa juzi," Shemeji akasema. "Yamebaki matundu manne ya misumari na pale kilipokuwa rangi ya geti haijapauka."

Binti alicheka mpaka akakohoa. Akatueleza taratibu, na mwanafunzi pembeni anaandika, kwamba kuna sheria zinazomlipisha mwenye mbwa hata kama mbwa hajawahi kumgusa mtu, kama jimbo la California kule Marekani, na kuna mtindo wa zamani wa Kiingereza ambapo wewe uliyeng'atwa unatakiwa uonyeshe kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ana tabia hiyo. Sasa huyu bwana alijua, si ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu! Akaongeza lakini kwamba kibao kina ncha mbili, ningekuwa nimeingia ndani ya geti angesema nilionywa, kwa hiyo ile picha inayoonyesha damu iko barabarani ina thamani kuliko ya kidonda. Akaomba karatasi ya hospitali, risiti, taarifa ya polisi, barua ya kazini ya siku nilizokosa, na jina la yeyote aliyeona. Akauliza pia tarehe, akaizungushia duara, kwa sababu madai haya yana ukomo wa muda, ukilala hata ukiwa na haki hakuna atakayekusikiliza.

Halafu akaweka kalamu chini. "Sasa wewe unataka nini?"

Mimi kimya.

"Mbwa auawe," Shemeji akanisemea.

"Hapana," nikasema. Tomi kafanya nini zaidi ya kuwa mbwa.

Binti akaanza kunihesabia, matibabu, siku za kazi, maumivu, kovu, amri ya mbwa kufungwa au kufungwa mdomo akitoka. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kila kimoja na kila kimoja kilikuwa haki kabisa, ila nilisikia koo linabana nikajishtukia nasema, "Nataka aje anijulie hali."

Mwanafunzi aliacha kuandika, akamwangalia bosi wake. Feni inazunguka. Binti akapenga kamasi, akasema kwa upole kabisa, "Hicho dada siwezi kukiandika kwenye barua. Na ukimtumia barua yangu ndo hatakuja tena, wakili wake atamwambia akikuomba msamaha amekiri." Akanyamaza kidogo. "Niiandike au nisiandike?"

Nilisema andika.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Barua ya madai, kimya, barua ya pili yenye nakala ya picha ya kibao, na kabla ya mahakama jirani akakubali kulipa hospitali, dawa na siku za kazi. Maumivu hakulipa, tulishindana mwisho nikachoka. Mkataba wa makubaliano ulikuwa na sentensi kwamba analipa bila kukiri kosa lolote. Binti akaniambia ni kawaida, mikataba mingi huwa nayo. Niliisaini, ila sentensi ile nimeikumbuka kuliko hela, hela hata sikumbuki nilinunulia nini. Salamu zikaisha, tukawa tunapishana njiani kila mtu anaangalia simu yake. Shemeji anasema nilishinda, na hapendi tubishane juu ya hilo, maana picha ni zake.

Miezi ikapita, jioni moja mke wa jirani akagonga. Amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. Pikipiki imemgonga Tomi mbele ya geti, amekufa palepale, dereva anasema mbwa alikuwa hajafungwa na anadai taa yake iliyovunjika. Mume wake ndo amemtuma, eti aniombe namba ya yule wakili wangu.

Nilimpa pole. Nikamwambia ajue mapema kwamba sheria inamhesabu mbwa kama mali, watamuuliza alimnunua kwa kiasi gani, na Tomi aliokotwa. Nikamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi, na nikamwambia akimbie akapige picha pikipiki hajaiondoa.