Mstari Nilioufuta

Mwaka 2021 nilijitolea kuwa mtangazaji kwenye kituo cha chanjo ya korona. Vifaa vyangu vilikuwa kipaza sauti na karatasi moja. Muuguzi alikuwa ameniandikia mistari minne. Wa tatu ulisema mkono utauma na huenda homa ikaja usiku.

Niliufuta. Nilijiambia watu wana hofu ya kutosha. Mwezi Machi Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimesitisha chanjo ya AstraZeneca kwa siku chache kuchunguza habari za damu kuganda, na tangu hapo kila simu ilikuwa na ujumbe wake wa sauti wa kutisha. Basi nikatangaza: "Chanjo ni salama kabisa, jitokezeni!" Hilo "kabisa" nililiongeza mwenyewe, wala hakuna aliyenituma.

Siku ya kwanza foleni ilikunja kona. Siku ya pili viti vitupu. Muuguzi alikaa karibu na kisanduku cha baridi, hataki kufungua kichupa. Kimoja kina dozi 10, na kikishatobolewa kina saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa.

Akaja mzee mmoja, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Hakuja kugombana.

"Mwanangu, ulisema salama kabisa. Mimi usiku kucha nimetetemeka, blanketi mbili hazikutosha. Wenzangu wamesema wanangoja kwanza waone kama nitapona."

Muuguzi akamkalisha. Akamweleza kuwa mwili unapojifunza kupambana na kirusi, homa ni jambo la kawaida, na kwa siku moja au mbili huisha. Isipoisha, au kichwa kikiuma sana bila kuachia, au akikosa pumzi, au mguu ukivimba, hata ikiwa wiki mbili baadaye, arudi mbio. Yale ya damu kuganda hakuyaficha pia: yapo, ila ni nadra sana.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Sasa haya yote jana yalikuwa wapi?"

Yalikuwa mfukoni mwangu, yamekatwa kwa kalamu ya bluu.

Nilitangaza upya, mistari yote minne, nikilitoa lile "kabisa" na kuongeza dalili za hatari. Sauti ilinikwamakwama. Hadi saa nane mchana walikuwa wamekaa watu saba, mmoja wao mke wa yule mzee. Muuguzi akawahesabu mara mbili, akatoboa kichupa.

Jioni dozi tatu zilimwagwa.