Tiger Moth ya fomu, kutoka kwenye mchoro mpaka hewani, hapa hapa Tanga

Watu wakiona ndege ya mfano ya rimoti yenye mabawa ya ghorofa wanadhani kazi ni kukata fomu, ile bodi nyepesi ya povu, kukata hata mtoto anakata aisee, shughuli ipo kwenye kufanya bawa la juu na la chini yakae kwenye pembe inayotakiwa.

Mimi nilichagua de Havilland Tiger Moth, ile ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza 1931, sababu aileroni, yale mapezi ya nyuma ya bawa yanayoilaza ndege upande, ziko bawa la chini tu, kwa hiyo bawa la juu halina seva (kimota cha kuzisukuma) wala waya. Ndege halisi ni mita 8.94 ncha ya bawa hadi ncha, yangu ni ya moja kwa nane, gawa kwa 8 unapata kama sentimita 112. Mchoro nikauprinti steshenari vipande vipande vya A4, dogo wa pale ananiuliza bro hii ramani ya nyumba? nikamwambia ndio, ghorofa moja. Halafu ukishaprinti pima kwanza na rula, printa nyingi zinapunguza mchoro zenyewe ili uenee kwenye karatasi na hazikuambii.

Fomu nilitumia ile bodi ya milimita 5 ya mabango, karatasi yake unailowesha maji unaibandua, uzito unapungua sana. Super glue ya kawaida weka mbali kabisa, inakula fomu, tumia gluu ya moto ila isiwe inachemka.

Sasa mabawa. Kwenye mchoro wa ubavuni nikachukua ile nafasi iliyopo kati ya bawa la chini na la juu, nikaikata kama kibao cha fomu, chini kinakaa kwenye mgongo wa bawa la chini na juu kinashika tumbo la bawa la juu. Nikatengeneza viwili, nikavisimamisha kushoto na kulia, bawa la juu nikalilaza hapo, ndo nikaingiza vijiti vya mishikaki viwe nguzo, gluu ilivyokauka nikachomoa vibao. Huna haja ya kukisia kwa jicho wala kushika bawa kwa mkono huku jasho linakutoka.

Pua ya ndege hizi ni fupi kwa hiyo mkia unakuwa mzito, betri nikaisukuma mbele kabisa bado haikutosha, nikaongezea chubwi za kuvulia nyuma ya mota mpaka ikasawazika. Zipo kwa wauza nyavu, bei chee.

Kurusha naenda asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaamka, kiwanja cha wazi mbali na uwanja wa ndege. Ukikata kona usitegemee aileroni peke yake, pua inavutwa upande usioutaka, peleka na usukani wa mkia kwa pamoja, na gesi (nguvu ya mota) usiitoe yote ukitua maana nguzo na vile vikorokoro vyote vinakamata hewa, ndege inasimama ghafla.