Mtu mmoja, yule mtu: "a" na "the" kwa sisi wa Amu

Wengi ninaowafundisha Kiingereza hapa Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, hawana uhaba wa maneno. Binamu yangu ni nahodha wa mashua, na tangu ujana wake amekuwa akibeba wageni kati ya mjini, Shela na Manda. Tanga, mlingoti, nanga, usukani, changu, tewa: vyote anavijua kwa Kiingereza. Kinachomsumbua ni vineno vitatu ambavyo vikisemwa haraka hata havisikiki, yaani "a", "an" na "the". Akimwambia mgeni "I have boat, boat is big", mgeni anaelewa, bei inapatana na safari inafanyika. Ila alipotaka kuandika tangazo la kubandika karibu na gati, alikuja na karatasi yake akaniuliza, "Dada, hii 'the' yakaa wapi?"

Hilo ni swali zito, na linastahili jibu zuri kuliko lile tulilozoea kupewa darasani, kwamba Kiswahili hakina vineno hivyo, basi kariri. Jibu hilo silikubali. Kazi ya "a" na "the" sisi tunaifanya kutwa kucha, tena kwa ustadi, ila kwa vifaa vingine. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba vifaa anavyo tayari mdomoni mwake, hofu humtoka.

Sikiliza hadithi zetu zinavyoanza. Bibi yangu, kwa Kiamu chake, alifungua na "mtu mmoya". Palikuwa na mtu mmoja, mvuvi wa Matondoni. Yule mtu alikuwa na punda mmoja. Yule punda akakataa kubeba mizigo. Mtu na punda wote huingia kwa "mmoja", na wakishaingia huitwa "yule". Hakuna msimulizi anayeanza kwa kusema "palikuwa na yule mtu", maana watoto watamkatiza hapo hapo: yule yupi? Sasa tia Kiingereza: "There was a man, a fisherman from Matondoni. The man had a donkey. The donkey refused to carry the luggage." Palipokuwa na "mmoja" pamekaa "a", palipokuwa na "yule" pamekaa "the".

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni swali hilo hilo la watoto. Msikilizaji wako akiwa hajui unasema ipi, tumia "a". Akiwa ameshaijua, kwa kutajiwa au kwa kuiona, tumia "the". Tangazo la binamu yangu likatoka hivi: "A boat is available for sunset trips. The boat leaves from the jetty at five." Mashua ya kwanza msomaji haijui bado. Ya pili ni ile aliyotajiwa sasa hivi. Na gati, nani aulize ni lipi, naye amesimama hapo hapo akisoma?

Tazama pia kwamba bibi alisema "yule mtu", hakusema "mtu yule". "Mashua ile" huenda na kidole: ile kule, yenye tanga jeupe. "Ile mashua" haihitaji kidole. Ni ile tunayoijua mimi na wewe, hata kama imepwelewa Kipungani na sisi tumeketi barazani Langoni. Kiingereza kimezigawa kazi hizo mbili. Yenye kidole ni "that boat", isiyo na kidole ni "the boat".

Kuna kifaa kingine chembamba zaidi, nami nakipenda kuliko vyote. Nahodha akimuuliza baharia wake, "Umeleta kamba?", anataka kujua kama kuna kamba yoyote chomboni. Akiuliza, "Umeileta kamba?", hapo pana kamba maalumu waliyoagana, na kijana akija na nyingine atagombwa. Tofauti yote imo katika hiyo "i" moja katikati ya kitenzi, na baharia ambaye hakupata kukaa darasani huisikia bila kufundishwa. Ndiyo tofauti ya "Have you brought a rope?" na "Have you brought the rope?" Nilipomwonyesha binamu yangu, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja za kwake: umeona nanga, umeiona nanga, umeleta ndoo, umeileta ndoo. Nikamwacha aendelee.

Tofauti iliyobaki ni ya hiari na lazima. Sisi twaweza kusema "nimenunua kisu" tukaishia hapo, na aliyesikia akajua kwa muktadha. Kiingereza kwa kawaida hakiachi nomino moja ya kuhesabika isimame uchi namna hiyo. Lazima itanguliwe na kitu: "a knife", "the knife", "my knife", "that knife". Hili ndilo linalotaka mazoezi, kwa sababu ulimi wetu haujazoea kulazimishwa.

Na Waingereza wenyewe walifika hapo kwa njia inayofanana na ya bibi. "An" ya zamani ilikuwa neno lile lile la kuhesabia moja, na "the" imetoka katika viashiria vyao vya kale, ni ndugu wa "that". Ukishajua hivyo, kanuni ya "an" inaacha kuwa fumbo. Ile "n" haikuongezwa mbele ya irabu. Ilikuwapo tangu zamani, ikaanguka mbele ya konsonanti: "an anchor", "an island", "an oar", lakini "a sail", "a donkey". Kinachoamua ni sikio, si jicho. "Hour" imeandikwa kwa "h" isiyotamkwa, kwa hiyo ni "an hour". "University" imeandikwa kwa irabu, lakini mdomo unaanza na sauti ya "y" ya yai, kwa hiyo ni "a university". Wao wenyewe "n" hiyo imewahi kuwapotea: "apron", vazi la kujifunga jikoni, zamani ilikuwa "napron", na "a napron" ikasikika hadi ikawa "an apron".

Viashiria sivikalii sana, maana aliyekulia kwenye huyu, huu, hili, hiki, hii, hapa na humu hawezi kushindwa na maneno manne. Sisi tuna ngazi tatu, hiki, hicho na kile. Wao wana mbili, na "that" yao hubeba hicho na kile kwa pamoja. Wingi ni "these" na "those". Shida iko katika kutamka, kwa sababu "i" yetu ni moja, na "this" na "these" hutoka sawasawa. Vuta irabu ya "these", kisha sikiliza mwisho: "this" inaishia kwa "s" ya sahani, "these" inaishia kwa "z" ya zulia. Mwanzo wa maneno yote hayo ni "dh" ya dhahabu, si "th" ya thamani, na hapo watu wa pwani tuna bahati, kwa kuwa sauti hiyo tunayo tangu utotoni. Hata "the" yenyewe hubadilika: mbele ya irabu inasikika kama "dhi", ndiyo maana "the island" haifanani na "the boat".

Wingi ndio uliomhangaisha shangazi yangu, ambaye hukodisha vyumba kwa wageni. Kwetu wingi ukiingia huenea sentensi nzima: "Visu vile vikubwa viwili vimepotea." Kiingereza ni "Those two big knives are lost", na hiyo "big" imekaa vile vile ilivyokuwa kwenye kisu kimoja. Shangazi aliona kama kuna kazi imeachwa nusu, akataka kuitia "s" nayo. Ila sifa za Kiingereza hazina wingi kabisa.

Kisha akataka kibandiko cha bafuni. Alikuwa ameandika, "Please do not drink these waters."

"Shangazi, hapa ni 'this water'."

"Mwanangu, maji haya. Haya si mengi?"

Kwa Kiswahili hakukosea hata chembe. Maji, maziwa na mafuta yote huchukua "haya". Lakini Kiingereza hakiyahesabu maji, huhesabu chombo: "a glass of water", "two buckets of water". Maji yenyewe ni kitu kimoja kisichogawika, kwa hiyo "this water", "this milk", "this oil". Mchele na mchanga ni hivyo hivyo. Mizigo kwetu ni wingi, kwao "luggage" haipati "s". Habari ni njema, lakini "the news is good", ijapokuwa hiyo "news" ina "s" mwishoni. Halafu kwingine mambo yanageuka: suruali hii ni moja lakini "these trousers", mkasi huu ni mmoja lakini "these scissors", kwa sababu wao wanaona miguu miwili na makali mawili. Kibandiko kikaishia kuwa "Please do not drink the tap water", maana alipoulizwa maji yapi, alikuwa na jibu: ya mfereji, na mfereji ni huo mmoja. Kimebandikwa juu ya beseni la kunawia hadi leo.

Yale majina yasiyobadilika, kama "fish" na "sheep", kwetu ni mepesi. Ni sawa na nyumba: nyumba hii, nyumba hizi, neno lile lile. "This fish, these fish." Na "men", "women", "feet", "teeth", "children" ni mabaki ya njia za kale za kufanya wingi; yazoee tu, ni machache. Jambo la kuangalia zaidi ni ile "s" inayohama. "The boat leaves", "the boats leave". Ikiwa kwenye jina, haipo kwenye kitenzi.

Majina ya mahali ndiyo hayana njia ya mkato. Lamu, Manda, Pate na Kenya hayataki kitu mbele, wala Mount Kenya na Lake Victoria. Bahari, mito na visiwa vilivyo kundi hutaka: "the Indian Ocean", "the Tana", "the Comoros", "the Lamu Archipelago". Mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ulikoingizwa mwaka 2001, umeandikwa "Lamu Old Town", jina kamili bila "the", lakini mgeni akikuuliza njia utamwambia "the old town is that way". Na ngome iliyokamilika mwaka 1821 ni "the fort" tu. Ukisema tukutane ngomeni, hakuna mtu wa Amu atakayeuliza ngome ipi.

Wiki hii tumefika penye shule na hospitali, na hapa "the" hubeba maana ambayo mtu asiyejua humpita. "My son is at school" maana yake mwanangu anasoma, yumo katika shughuli za shule. "I went to the school" maana yake nilikwenda pale penye majengo, pengine kumwona mwalimu. Kwa Mwingereza hospitali ni hivyo hivyo: "she is in hospital", amelazwa, "I am going to the hospital", naenda kumtazama mgonjwa. Mmarekani husema "in the hospital" hata kwa aliyelazwa. Shangazi aliniuliza afuate lipi, nami nikamwambia afuate atakalolizoea, kwa kuwa wageni wake wanatoka kote kuwili na wote watamwelewa.