Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandaa Zabuni za Huduma za Majengo ya Serikali, Dodoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimeshafika kwenye lango la jengo la taasisi moja ya umma katika Mji wa Serikali, Mtumba, ambako kampuni yetu ina mkataba wa usafi na matengenezo madogo. Cheo changu ni ofisa zabuni, na wengi hudhani kwamba kazi hiyo hufanyika mezani, siku chache kabla ya zabuni kufungwa. Mimi huanzia langoni kwa sababu takwimu zitakazotuombea mkataba ujao huzaliwa hapa, na takwimu ambayo haikuandikwa siku ilipotokea haiwezi kutafutwa baadaye bila kuingia kwenye udanganyifu.

Msimamizi wa zamu ananipa daftari la mahudhurio, tunalinganisha waliofika na idadi iliyotajwa kwenye mkataba, kisha tunapanda ghorofa moja baada ya nyingine. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata kwenye vyumba vilivyofungwa, na maji yenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye koki na masinki. Ndiyo maana fomu yetu ya ukaguzi haiulizi kama choo ni kisafi. Inauliza kama sakafu imekauka, kama koki haina ukoko, kama sabuni ipo na kama pipa la taka limemwagwa, na kila swali lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, ili alama ya chumba iwe asilimia ya majibu ya ndiyo. Sizipendi fomu zinazotaka alama za moja hadi tano, kwa kuwa nne ya msimamizi mpole ni tatu ya msimamizi mkali, na mwisho wa mwaka wastani wake hauna maana yoyote mbele ya mtu asiyewafahamu wasimamizi hao.

Saa mbili asubuhi ofisa majengo wa taasisi anafika. Ni mtu mzima wa makamo ya baba yangu, mpole wa maneno lakini mkali wa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo kura imeangukia vyumba gani?"

Utaratibu huu tulikubaliana mapema: kila wiki vyumba vichache huchaguliwa kwa kura, naye huvikagua kwa fomu ileile bila kuona alama tulizojipa sisi. Matokeo yake na yetu huwekwa pamoja, na pande zote mbili hutia sahihi. Alama ambayo mkandarasi amejipa mwenyewe haina uzito mkubwa, lakini alama iliyothibitishwa na mteja kila wiki, ikiwa na tarehe na sahihi, ni ushahidi ambao mjumbe wa kamati ya tathmini anaweza kuushika mkononi.

Saa tatu na nusu ninakaa na fundi wa viyoyozi, na hapa huwa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo kampuni nyingi hujichanganya. Muda wa kuitikia wito na muda wa kumaliza tatizo ni vipimo viwili tofauti. Fundi anaweza kufika chumbani ndani ya nusu saa na kiyoyozi kikakaa wiki nzima bila kufanya kazi kwa kukosa kipuri. Anayeripoti muda wa kuitikia peke yake ataonekana hodari, huku watumishi wakifanya kazi kwenye joto. Kwa hiyo kila kadi ya kazi ina saa nne: saa ya taarifa, saa ya fundi kufika, saa ya kazi kumalizika na saa ya mwenye chumba kuthibitisha. Ninamsisitizia pia kwamba asilimia isiyo na idadi nyuma yake haifai. Tuseme maombi 40 yalipokelewa katika mwezi na 38 yakamalizwa ndani ya muda wa mkataba; tunaandika 38 kati ya 40, yaani asilimia 95, kisha tunaeleza yale mawili yaliyochelewa. Kampuni yenye maombi mawili tu kwa mwezi inaweza kujisifu kwa asilimia 100, na msomaji makini atajua mara moja kwamba hakuna kilichothibitishwa.

Saa tano ninarudi ofisini mjini na kufungua NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mwaka 2023. Kuna tangazo la zabuni ya usafi na utunzaji wa bustani. Ninasoma vigezo vya tathmini kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kamati hupima zabuni kwa vigezo vilivyoandikwa ndani ya nyaraka za zabuni, si kwa mambo mazuri ambayo mzabuni ameamua kuyaongeza. Takwimu nzuri iliyowekwa mahali isipoombwa hupotea bure. Nyaraka zinataka uzoefu wa kazi zinazofanana, mbinu za utekelezaji na mpango wa usimamizi wa ubora. Kwenye uzoefu ninaambatisha mikataba na barua za wateja. Kwenye mbinu ninaeleza fomu, kura ya vyumba na kadi za kazi. Kwenye ubora ninaweka mwenendo wa alama wa mwezi hadi mwezi. Miezi ambayo alama zilishuka siifichi. Mwezi mmoja maji yalikatika mara kwa mara, vyoo vikashuka alama, tukaongeza matangi ya akiba na alama zikapanda tena. Mchoro wenye bonde na maelezo yake huaminika kuliko mstari ulionyooka mwaka mzima.

Saa saba ninakula na kupumzika kidogo, kisha saa nane ninaingia kwenye bei.

Wapo watakaosema kwamba vipimo ni mapambo, na kwamba kazi huenda kwa mwenye bei ndogo. Ni kweli kwamba bei ina nguvu kubwa katika zabuni za usafi, na mimi nasema ni kwa sababu hiyohiyo vipimo vinahitajika. Kwa kuwa tunajua mfanyakazi mmoja husafisha mita ngapi za mraba kwa zamu, na sabuni huisha kwa kasi gani msimu wa vumbi, ninaweza kushusha bei hadi mahali ambapo kazi bado inawezekana, na nisishuke zaidi. Asiye na takwimu hizo hukisia, na akikisia chini, pengo hulipwa na mfagiaji: mshahara unachelewa, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, haipelekwi. Ninaliona jambo hili kuwa dhuluma, na huwa ninaweka mchanganuo wa mishahara kwenye bei hata pale ambapo haujaombwa kwa kina, ili taasisi ione kwamba bei yetu inawatosha watu watakaofanya kazi.

Saa kumi wananitembelea akina mama wa kikundi kilichosajiliwa kama kundi maalumu. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, nao wamepata kazi yao ya kwanza ya kufyeka nyasi na kufagia kwenye ofisi ya kata. Ninawapa nakala ya fomu yetu na kuwaomba waanze kuijaza kuanzia siku ya kwanza, kwa kuwa mkataba mdogo wenye kumbukumbu za miezi 12 ndio utakaowafungulia mkataba mkubwa.

Saa kumi na mbili jioni ninapitia viambatisho mara ya mwisho, ninahakikisha kila namba iliyo kwenye maelezo inalingana na ukurasa uliotiwa sahihi, kisha ninawasilisha zabuni kupitia mfumo. Kabla ya kufunga kompyuta ninamwandikia msimamizi wa zamu ujumbe. Nyaraka za leo zimeuliza kuhusu ajali kazini na kiasi cha maji kinachotumika, na mpaka sasa tunaandika ajali tu. Kwa hiyo kuanzia kesho mita ya maji isomwe kila asubuhi kabla ya zamu kuanza, na ofisa majengo aombwe kuthibitisha usomaji huo kila Ijumaa.