Jinsi nilivyochagua maganda ya risasi kwa bunduki yangu ya shabaha

Nilipoanza kujaza risasi zangu mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya shabaha hapa Texas, mzee mmoja wa uwanjani alinihakikishia kwamba ganda, yaani kikopo kinachobeba baruti, ni ganda tu, na kwamba fedha ziende kwenye darubini na mtutu. Kwa miaka miwili nikawa naokota maganda ya .308 Winchester, aina ya risasi ya bunduki yangu, yaliyoachwa na wenzangu, nayasafisha hadi yanameta, kisha nayajaza. Kwa yadi 100 sikuona kasoro yoyote. Kwa yadi 600 risasi zilipishana juu na chini kwa zaidi ya futi moja, na upepo wa pembeni hausukumi risasi hivyo.

Niliyapima kwa mizani maganda kama 200 hivi. Ya kijeshi yaliyazidi ya kiraia kwa greini 10 na zaidi (greini ni kipimo kidogo cha uzito; gramu moja ni greini 15 hivi). Kwa kuwa kwa nje yote hubanwa kwenye kalibu moja, uzito huo wa ziada unakaa ndani: ukuta ni mnene, nafasi ya baruti ni finyu, na kipimo kile kile cha baruti huzaa shinikizo kubwa zaidi. Ushauri ule ulikuwa wa hatari.

Kilichonitia hofu hasa ni kibanio cha karatasi. Nilikinyoosha, nikakunja ncha yake iwe ndoano ndogo, nikainoa, nikaishusha ndani ya ganda hadi kwenye kitako, halafu nikaivuta polepole huku ikigusa ukuta. Katika ganda zima ncha huteleza bila kizuizi. Katika ganda la kumi na saba ilinasa juu kidogo ya kitako, na kila nilipoligeuza ganda ilinasa pale pale, maana yake ni kwamba mfereji ulikuwa umelizunguka lote. Kwa nje palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, ambao siku zote niliudhania mkwaruzo. Nililipasua kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, nikakuta ukuta wa mahali pale umebaki mwembamba kama bahasha. Mpigo mmoja zaidi, na huenda lingekatika ndani ya chemba, sehemu ya mtutu risasi inapokaa.

Nikanunua maganda mapya 100 ya Lapua, yanayotengenezwa Ufini, kwa dola mia na kitu. Shingo zake zina rangi ya hudhurungi iliyoachwa na moto wa kulainisha metali, na sitaki mtu anisafishie alama hiyo. Hata hivyo sikuyaamini kwa jina tu: nilipima unene wa kila shingo mahali pane kwa maikromita, na yaliyopishana zaidi ya inchi 0.0015 nikayatenga kwa mazoezi, kwa sababu shingo yenye upande mnene hukiweka kichwa cha risasi upogo. Nilichungulia pia tundu la kupitishia moto wa fataki, yaani kiwashio kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, kwani katika maganda ya bei nafuu mara nyingi hutobolewa kwa kupigwa na kuacha makali ndani.

Siku hizi kila boksi lina karatasi ya idadi ya mipigo, na ninaporudisha umbo la ganda, bega, yaani mahali ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingo, hulirudisha nyuma inchi 0.002 tu, ili lisitanuke ovyo. Kwa yadi 600 tofauti ya juu na chini imeshuka hadi inchi tano hivi, kwa mtutu ule ule na darubini ile ile.